Sumu ya Swila Niliyomletea Dada

Nyinyi mnaopita kibandani kwangu Gikomba, kila mmoja kwa wakati wake, mkiniuliza, "Athumani, ni kweli ulisafiri na sumu ya nyoka mfukoni?" mmenichosha. Suruali za watu zinakaa bila pindo kwa sababu ya kuwasimulieni nyinyi, na kila nikifika penye utamu anaingia mwingine nianze upya. Kwa hiyo nimeandika. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi asome pale kwenye benchi, mimi nishone. Habari za vibali na mihuri na foleni za kuomba ruhusa ya kutoka Nairobi siziandiki. Miaka hii ya hali ya hatari kila mtu anazijua, na mwenye hamu nazo aende akapange foleni yake.

Kaloleni

Dada yangu Mwanaidi mnamjua. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, na ndiye aliyeuza pete yake ili nipate cherehani. Anakaa Kaloleni na shemeji, anayeendesha treni za mizigo na ambaye siku nyingi huwa Kisumu kuliko kwake. Mimi nina chumba changu Ziwani, lakini tumbo langu limekaa Kaloleni siku zote.

Alikuwa na uvimbe kwenye titi. Hospitali wakaukata. Mwaka haukupita ukarudi, safari hii karibu na kwapa, mgumu kama kokwa. Majirani walisema ni jipu lisiloiva. Daktari alisema ni kansa, akasema pia kwamba kukata tena hakutasaidia sana. Daktari mwenyewe ni Mgoa mwembamba, koti lake limekaa vibaya mabegani. Nilipokuwa namsikiliza nilikuwa nalitazama lile koti, maana uso wake sikuweza kuutazama.

"Hakuna kitu kingine?" nilimuuliza. "Kitu chochote?"

Alisema kwa Kiswahili chake, "Bwana Athumani, sikia. Daktari wengine huko Ulaya nataka jaribu sumu ya nyoka. Kidogo sana. Wengine nasema inapunguza maumivu. Wengine nasema labda inaua uvimbe. Mimi bado jua. Mimi iko na panya, iko na uvimbe kama hii, nataka jaribu. Lakini sumu ya kutoka ng'ambo nachelewa sana."

"Nyoka gani?"

"Swila."

"Sasa swila ndio wa kuagiza ng'ambo? Nina jamaa ya marehemu mama kule Taveta, anafanya kazi kwenye mkonge, anawakamata kwa mikono. Nikikuletea, na panya wakipona, dada yangu atakuwa wa kwanza?"

"Mimi hapana ahidi kitu."

Lile "hapana" nililiacha palepale mezani kwake. Nilichukua sumu, panya na uvimbe, nikatoka navyo. Alinifuata hadi mlangoni kuniambia niilete kavu na safi, nisiifungue njiani kwa sababu vumbi lake ni baya kwa macho na pua.

Dada nilimkuta anachambua kunde. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika ubavu.

"Sumu! Mimi bado sijakushinda hivyo, mdogo wangu. Unakwenda lini?"

"Leo."

"Leo? Si ukae ule kwanza?"

Nilikula nimesimama, sahani mkononi, nikitazama barabara. Tangu tulipoambiwa habari ya kwapa nilikuwa siwezi kukaa. Kibandani nilikuwa nikishona mkono wa shati na kuinuka, nashona kola na kuinuka. Nyinyi wenyewe mlinitania kwamba nimekalia siafu.

Treni mpaka Voi

Daraja la tatu mnalifahamu, sina haja ya kuwaeleza habari za mabenchi yale. Mbele yangu alikaa mama mmoja wa makamo na wanawe, amevaa gauni la maua lililoshonwa na mtu asiyejua kupima kiuno. Mama mwema kweli. Alifungua sufuria akanigawia viazi vitamu na kipande cha kuku, na tulipovuka nyika ya Athi nilikuwa nimeshajua habari za mumewe wa Mombasa na mke mdogo aliyemficha huko.

Kisha treni ikasimama. Haikusimama stesheni, ilisimama porini, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Mmoja alisema maji ya injini yamekwisha, mwingine tembo wamelala kwenye reli. Mimi niliinuka, nikaenda dirishani, nikarudi, nikashuka, nikapanda.

"Baba, hebu kaa," yule mama aliniambia. "Treni haiendi kwa wewe kusimama."

Nikakaa. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshiba kuku wake, nikaona si vizuri kumficha. "Mama, nina haraka. Dada yangu mgonjwa. Nakwenda kumtafutia sumu ya nyoka."

Alifunika sufuria. Akakusanya wanawe, mmoja mmoja, akawavalisha viatu, akahamia behewa la nyuma. Alipofika mlangoni aligeuka akaniambia mbele ya watu wote, "Dada yako wa tumbo moja! Mungu akusamehe."

Abiria wakanigeukia. Nilijaribu kueleza habari za daktari na panya, nikaona kila neno linazidi kunichafua. Panya ndio walioharibu kabisa. Kuanzia hapo hadi Voi nilikaa peke yangu kwenye benchi la watu wanne, nikaapa kwamba sitamwambia mtu mwingine yeyote nilichokifuata. Kiapo hicho mkikumbuke, maana ndicho kilichonitia matatani.

Voi mpaka Taveta

Voi nilipita kwa Maalim Bakari, aliyesoma chuo kimoja na marehemu baba. Ni mzee mrefu, anafundisha watoto Kurani barazani kwake, na mkewe Bi Rehema hawezi kumwona mtu bila kumlisha. Nilisema nimepita kuwaamkia tu. Maalim alikasirika.

"Mtoto wa Juma unapita kwangu kama upepo? Haya, nenda. Lakini ukirudi utalala hapa, na usinipe udhuru."

Treni ya Taveta ilikuwa imeshaondoka, na nyingine ilikuwa ya kungojwa. Mimi na kungoja! Nikapata lori la Msomali mmoja lililopakia sukari na chumvi, nikakaa juu ya magunia. Dereva alikuwa na marafiki katika kila kichaka. Tulisimama kwa salamu, tukasimama kwa chai, tukasimama injini ipoe, tukasimama dereva akatazame mbuzi aliyeahidiwa na shemeji yake. Mbuzi hakumpenda, tukakaa wamjadili. Vumbi jekundu liliniingia hadi kwenye mshono wa koti. Niliposhuka Taveta watoto walinikimbia.

Kwenye mkonge

Mwakio, jamaa yetu, ni mtu mfupi mwenye sauti kubwa na maringo yasiyo na kifani. Anapokwenda kukamata nyoka huvaa miwani ya mpanda pikipiki, kwa kuwa swila hutema sumu na hulenga macho. Hata siku asiyokamata nyoka anaivaa, apate kuulizwa.

Nilidhani nitafika, nipewe, niondoke. Mwakio alinizungukia akaishika kola yangu.

"Umeshona mwenyewe? Basi nishonee koti la mifuko minne, kama la msimamizi. Kitambaa ninacho. Halafu ndio tuzungumze habari ya swila."

"Mwakio, dada anaumwa."

"Najua. Na swila wanajua? Hawatoki mpaka mkonge ukatwe upande ule, panya wakimbie, nao wawafuate. Kukata ni kesho kutwa. Shona."

Nilishona kwa mkono, chini ya paa la mabati. Alitaka vifungo vya shaba. Alitaka mfuko wa ndani pia. Mke wake alinipikia ndizi kwa nyama, tamu sana, na mpaka leo sikumbuki kama nilishukuru.

Siku ya kukata ilipofika nilisimama mbali, na simwonei haya mtu kwa hilo. Mwakio aliingia kati ya mistari ya mkonge na fimbo yenye panda, amevaa miwani na koti jipya. Swila aliinua kichwa, shingo ikapanuka, akatema. Yale mate yalimwagika kwenye vioo vya miwani na kwenye kola niliyohangaika nayo. Mwakio akambana kichwa kwa ile panda, akamshika nyuma ya taya. Kikombe cha chai kilikuwa kimefungwa kitambaa cha marekani mdomoni, nilichokivuta mimi mwenyewe kikawa kama ngozi ya ngoma. Nyoka aling'ata kitambaa, na Mwakio akamkanda taratibu pembeni mwa kichwa. Niliona matone yakianguka ndani, ya rangi ya samli. Kisha akamwachia aende zake.

"Humuui?" niliuliza.

"Mwezi ujao nani atanipa? Wewe?"

Alifanya hivyo kwa kadhaa. Nikanyoosha mkono nipewe kikombe. Mwakio alicheka. Sumu ilimwagwa kwenye kisahani, kisahani kikawekwa ndani ya debe la biskuti juu ya chokaa kavu, mfuniko ukafungwa. Chokaa hunyonya maji polepole. Juani itaharibika, motoni itaharibika, na kila ukifungua mfuniko kuchungulia unairudisha nyuma.

"Ndio maana nitalala na debe mimi," alisema, akinitazama.

Nilizunguka nyumba ile mpaka mbwa wakanizoea. Mwisho akafungua. Kisahani kilikuwa na utando wa manjano uliopasukapasuka. Aliukwangua kwa wembe, ukawa chembechembe, akazitia kwenye chupa ndogo ya kahawia ya dawa ya macho na kuikaza kizibo.

"Mwambie Mwanaidi," alisema, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti, "mwambie ni kutoka kwa Mwakio aliyekuwa akiiba maembe yake."

Voi, mara ya pili

Nilirudi kwa lori la vitunguu, chupa imefungwa kwenye leso, leso mfukoni, mkono juu ya mfuko. Voi nikakuta mvua imebomoa reli mahali fulani. Hakuna treni, labda kesho, labda baadaye. Nilikaribia kulia mbele ya karani wa stesheni.

Ikabidi niende kwa Maalim. Alikuwa na mafua makali, pua nyekundu, anapiga chafya katikati ya kila neno. Bi Rehema alinivua koti kabla sijakaa.

"Hili ni koti au shamba? Lete nilifue."

"Bi Rehema, mfukoni mna chupa, tafadhali..."

"Nimeiona, mwanangu. Naiweka hapa kwenye sinia. Kula."

Tulikula wali wa nazi na mchicha na papa mkavu. Maalim aliuliza habari za Dada, nikamweleza yote: titi, kisu, kwapa. Machozi yalimlengalenga. "Na hiyo chupa ndiyo dawa yake?"

Nilimkumbuka yule mama wa treni. Nilimwona Bi Rehema akiinuka na kufunika vyungu. "Ndiyo, Maalim," nilisema. "Ya manjano tu, nimeipata kwa jamaa yetu Taveta. Nimeambiwa isifunguliwe ovyo."

"Ya manjano," alisema Maalim, akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. "Vizuri. Umefanya la maana, mwanangu."

Shibe na uchovu vilinilaza palepale mkekani. Nilipoamka koti lilikuwa kwenye kamba, karibu kukauka, na chupa ilikuwa kwenye sinia imefungwa katika leso yangu. Niliishika, uzito ni uleule, roho ikatulia. Maalim alikuwa ameketi mkabala nami, ameshika chupa nyingine kubwa iliyojaa maji yenye umanjano wa mbali.

"Nimemwandikia Mwanaidi kombe," alisema. "Aya za shifa, sahani tatu, nimeziosha kwa marashi ya waridi. Anywe kwa bismillahi. Ila zafarani ya siku hizi... (chafya) ...haina rangi kabisa. Kalamu imebidi ipite mara mbilimbili."

"Kila kitu cha siku hizi hafifu, Maalim," nilijibu, nikambusu mkono. Nilidhani anazilalamikia bidhaa, kama wazee wote. Nje treni ilipiga honi, kumbe reli imeshatengenezwa. Bi Rehema alinitilia mahamri katika kikapu, na nikakimbia na koti bichi.

Voi mpaka Nairobi, na kutoka hospitali kwa miguu

Njiani hakuna cha kusimulia ila mimi mwenyewe kusimama na kukaa. Nilifika asubuhi. Kaloleni nilimkuta Dada barazani, amekonda kuliko nilivyomwacha, na jambo hilo lilinichoma kwa sababu nilikuwa nimejiambia njia nzima kwamba nimekwenda haraka.

"Umekuja! Kaa basi, chai ipo."

"Nikirudi. Hili ni kombe, kakuandikia Maalim Bakari mwenyewe. Kunywa kwa bismillahi. Mimi nampelekea daktari sumu."

"Athumani..."

Sikungoja jina liishe.

Daktari alifurahi kuniona, nakiri. Aliita msaidizi, akavaa glavu, akafungua kizibo kwa uangalifu kama mtu anayefungua mlango wa mkwe. Akatazama. Akasogeza pua, akaiondoa, akaisogeza tena.

"Bwana Athumani. Hii iko zafarani."

"Haiwezekani. Nimeona kwa macho yangu swila anang'ata kikombe."

"Mke yangu naweka hii kwa pilau." Alitia chembe kidogo kwenye kisahani cha maji. Maji yakageuka manjano ya kupendeza, na harufu ya sikukuu ikajaa chumba kizima.

Nilisimama pale nikiitazama ile rangi, na mambo yakanijia moja baada ya lingine. Mzee mwenye mafua hanusi kitu. Dawa ya manjano, ya mgonjwa, isiyofunguliwa ovyo: kwa Maalim hiyo ingekuwa nini kama si zafarani ya kuandikia kombe, niliyoitafuta mpaka Taveta? Akaitumia, tena mara mbilimbili, akaimaliza. Na Bi Rehema, mwanamke aliyelelewa vizuri, akaona chupa ya mgeni imebaki tupu. Nyinyi mnajua kwetu: sahani ya jirani ikija na mchuzi hairudi mikono mitupu, hurudi japo na kipande cha mkate. Angeirudishaje chupa ya mtoto wa Juma haina kitu? Alifungua kibweta chake akaijaza zafarani yake mwenyewe, akaifunga leso.

Sumu yote ya Mwakio ilikuwa kwenye kombe. Na kombe nilikuwa nimempa Dada kwa mkono wangu.

"Ngoja! Gari!" daktari alipiga kelele.

Nilikuwa nimeshafika ngazi. Nyinyi wa Gikomba mlioniona barabara ya Landhies nimeshika kanzu kwa meno, sasa mnajua. Sikuwa nakimbia deni, wala sikuwa nimemwibia mtu. Askari mmoja alinisimamisha, nikamwambia "Dada yangu anakufa" bila kupunguza mwendo, na sijui kwa nini aliniacha, miaka kama hii. Nyuma yangu gari lilikuwa likipiga honi na honi. Nilidhani linanifukuza barabarani, nikakata kupitia nyuma ya nyumba za reli ambako gari haliingii. Alikuwa daktari, ananitafuta anipakie. Niliomba njia nzima. Niliahidi vitu ambavyo hata sijui kama binadamu anaweza kuvitimiza.

Kaloleni tena

Dada alikuwa palepale barazani. Chupa ya Maalim ilikuwa miguuni pake, na ilikuwa nusu.

Nilipiga magoti nikamshika mashavu. "Umekunywa? Umekunywa, Dada?"

"Si uliniambia ninywe? Ina uchungu kidogo, lakini waridi limesaidia. We, mbona unalia?"

Daktari aliingia uani na koti lake la mabega mabaya, akafika bila hodi, akamfungua Dada kinywa mbele ya majirani na kumulika kwa tochi ndogo.

"Iko donda mdomoni, mama? Jino naoza? Tumbo iko donda?"

"Sina donda. Athumani, huyu mtu ana nini?"

Alipoona kinywa kizima alikaa kwenye ngazi, akapumua. Alitueleza kwamba sumu ya nyoka inapoingia kwenye damu ndipo inapoua. Tumboni penye afya husagwa kama nyama nyingine. "Lakini mimi nakaa hapa, natazama macho yake. Kama kope nalegea, tunakwenda mbio."

Akakaa. Dada alipoelewa alichokunywa alianza kucheka, na majirani wakacheka kwa sababu yeye anacheka. Alimpakulia daktari kunde na chapati. Daktari alikula huku akizitazama kope za mwenyeji wake, na mimi nilizunguka ua. Kope hazikulegea. Jua lilipoanza kushuka alisema imetosha, akaiomba ile nusu iliyobaki, akaigeuzageuza.

"Bure," alisema kwa huzuni. "Iko waridi, iko maji mingi. Kwa panya haifai."

"Basi isimwagwe ovyo," Dada alisema. "Ina maneno ya Mungu, haikanyagwi." Akaniambia niimimine kwenye kopo lake la asumini.

Ndipo nilipomuuliza. "Dada, mbona ulibakisha nusu? Kombe si hunywewa lote?"

"Ilikuwa yako."

"Yangu ya nini? Mimi siumwi."

"Huumwi?" Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikiwa mdogo, nimeficha kitu mgongoni. "Hujakaa kitako tangu siku tuliyoambiwa. Unakula umesimama. Unalala kwako na viatu, nimesikia. Umekwenda mpaka Taveta, na mimi hapa mchana kutwa naitazama barabara. Nikasema nimwachie nusu, labda atatulia."

Daktari aliinama akafunga kamba za viatu vilivyokuwa vimefungwa. Mimi nilichukua kopo la asumini nikalipeleka nyuma ya ua, nikakaa nalo huko mpaka uso ukakauka.

Yaliyofuata ni mafupi. Maalim alipopata habari alivunjika moyo kabisa. Hakutuma mtu; mafua yakiwa bado yanamtesa alikwenda Taveta mwenyewe, akangoja mkonge ukatwe, akangoja chokaa, akaja Nairobi na chupa ameshonea kitambaa cheusi, na kila aliyemuuliza njiani alimwambia waziwazi kwamba ni sumu. Behewa zima alikaa peke yake, anasema, na alisali kwa nafasi. Daktari alijaribu kwa panya. Siku ya kupewa majibu nilikwenda na Dada.

"Uvimbe nasimama," alisema daktari. "Kweli, haikui tena."

Niliruka kwenye kiti.

"Na panya pia nasimama, Bwana Athumani. Uvimbe nakufa, panya nakufa. Mimi bado jua namna ya kuua moja na kuacha ingine. Labda sumu kidogo zaidi. Labda kifutu, si swila. Labda watu wa baadaye najua."

"Kifutu Mwakio anao," nilisema, na nilikuwa nimeshasimama. "Treni ya jioni nita..."

Dada alinivuta koti tu.

Maalim ndiye aliyekwenda kwa kifutu. Bado hajarudi. Mimi nimehamisha cherehani, na ndiyo sababu wengine mnakuta kibanda kimefungwa: nashona Kaloleni, mlangoni kwa Dada, na karatasi hizi nimeziandikia hapa. Siku nyingine maumivu yanamzidi na miguu yangu inaanza kuwasha, nataka kwenda popote, hata Kisumu, hata kuzimu. Sitoki. Uvimbe upo. Asumini haikufa, imetoa maua, na daktari akija huinusa akakuna kichwa.

Sasa hivi Dada ameniuliza naandika nini muda wote huu. Nimemwambia ni habari za safari yangu, nawaandikia watu wa Gikomba.

"Za kwako tu?" ameuliza. "Waandikie na mimi nilikuwa hapa."

Haya, nimeandika. Alikuwa hapa. Amelala ubavu karibu na mlango, na nikisimamisha cherehani kutafuta neno anafumbua jicho kuona kama nimeinuka.